Uchanja wa Mama Mukausha

Nilikula shamba zima nikiwa nimekaa. Halikuwa shamba langu, lilikuwa la jirani yetu, na nililila kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kitabu.

Ilikuwa hivi. Jirani huyo alikwenda Kabambare kwenye matanga ya ndugu yake, akaniachia kibanda chake cha moshi, chumba cha udongo nyuma ya nyumba, ambamo alikaushia samaki wa mtaa wetu wote pale Kasongo. Alinichagua mimi kwa sababu moja: alijua sitaondoka. Tangu niliporudi kutoka sekondari ya wapadri, nikiwa na nusu ya masomo na hamu kamili ya chakula cha mama yangu, hata sokoni nilikuwa nafika kwa kulazimishwa. Akaniagiza kwamba moto usizime na usiwake. Utoe moshi tu, basi.

Mvua ikanyesha. Mimi na baridi hatuelewani. Nikaongeza kuni, nikasogeza kigoda, nikafungua kitabu. Baada ya muda juu ya kichwa changu pakaanza kulia pa, pa, pa, na vitu vyeupe vikaniangukia mabegani. Yalikuwa masuke ya mpunga, mbegu yake ya kupanda, aliyoitundika juu kabisa ya uchanja ili moshi uikinge na wadudu. Moto wangu ulikuwa umeigeuza bisi. Mtu mwenye akili angepunguza kuni. Mimi nilionja. Kisha nikatafuta chumvi.

Aliporudi aliangalia juu, halafu akaangalia mdomo wangu. Hakunipiga.

"Umekula shamba yangu ya mwaka kesho," akasema. "Na umeitia chumvi."

Akatoka. Kabla jua halijazama, hata watu wa njia ya mtoni ambao sijapata kuonana nao walikuwa wakiniita Mla Shamba.

Huyo ndiye tuliyemwita Mama Mukausha. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila hakuna aliyelihitaji. Wavuvi wakitoka Lualaba na kambale wengi kuliko wanunuzi, walimpelekea. Mwindaji akiua nguruwe wa porini, alimpelekea. Uyoga, kumbikumbi, viwavi, pilipili, vyote vilipita kwenye moshi wake. Malipo yake yalikuwa fungu la kile alichokausha, nalo alilichagua mwenyewe, akianza kwa kusema kwamba yeye mkia tu unamtosha, na akimaliza na kipande chenye nyama.

Ukweli usemwe: chakula chake hakikuwa kitamu. Kambale, nguruwe na uyoga, ukifumba macho, ladha yao ilikuwa moja. Mama yangu, mtu wa adabu sana, alisema Mama Mukausha hakaushi samaki, anawaua mara ya pili. Lakini Leta, yaani serikali ya Wabeleji, ilipolazimisha kila nyumba kulima pamba hata mihogo ikamezwa na majani, ni moshi huohuo tuliokula, na mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka sahani aongezewe.

Chumvi hakuiamini kabisa. Alisema chumvi ni ya duka, na siku Mzungu akifunga duka lake, samaki wako ataoza na wewe unatazama mlango. Hakutupa kitu. Mwavuli uliokufa aliufanya vijiti vya kutungia nyama. Vifungo vya koti la mume wake wa kwanza alivitunza ndani ya kopo la dagaa, ingawa koti lenyewe mume aliondoka nalo, na mume wa pili aliondoka kwa sababu ya kopo. Wote wawili, tuliambiwa, walilalamikia harufu. Yeye alisema hawakukauka vizuri.

Ijumaa aliswali msikitini, Jumapili alikaa nje ya kanisa na kitunga chake cha samaki. Padri akimpita alimwamkia kwa heshima, kwa sababu wapadri nao walikula.

Na kulikuwa na kitu kimoja alichokitunza kuliko samaki wote. Mtoto wake wa pekee, Amisi, alichukuliwa kuwa askari katika ile vita ya pili ya Wazungu, muda mfupi tu baada ya kuoa. Vita ikaisha. Wengine wakarudi na makoti mazito na nyimbo mbaya. Amisi hakurudi, wala habari yake. Miaka ikaenda. Ndugu za baba yake wakataka matanga yafanyike ili mke wake awe huru kuolewa. Mama Mukausha akakataa. Amisi hajafa, alisema, amechelewa. Na kwa kuwa amechelewa tu, mke wake atamngoja palepale, akigeuza samaki. Basi akawa anahifadhi watu wawili kwa mpigo, mtoto na mke wa mtoto, na mmoja wao alikuwa hai kabisa.

Huyo mkamwana alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Alipasua kuni, alisafisha kambale, alibeba vitunga sokoni. Hakumtukana mama mkwe wake hata mara moja, jambo ambalo mtaani kwetu lilihesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Karibu na soko kulikuwa na fundi wa kinga, kama tunavyoiita baiskeli, kijana wa Kabambare aliyekuwa na kibanda cha matairi yaliyotobolewa. Fundi huyo alinunua samaki kwake kila siku ya soko. Kula hakula. Mbwa wa upande ule walinenepa hata wakaacha kubweka. Sote tulijua, hata mbwa walijua. Yeye mkamwana alijua pia, na kila mara alimchagulia samaki mzuri, kisha akarudi nyumbani kumngoja marehemu.

Hata hivyo, nisimfanye Mama Mukausha kuwa gereza. Mimi mwenyewe nilihifadhiwa naye, na bado nipo.

Kampuni moja ya dhahabu, kule upande wa Salamabila, ilihitaji mikono, na polisi wa Leta wakapita nyumba kwa nyumba kutafuta vijana wenye mabega. Mabega sina, lakini walikuwa wameacha kuchagua. Mama yangu akanisukuma juu ya ua kama gunia. Mama Mukausha akaniingiza kwenye kibanda cha moshi, akanikalisha nyuma ya vitunga, akanifunga kitambaa chenye maji mdomoni, akatoka kukaa mlangoni na kumenya karanga. Polisi akafika, akauliza kama kuna kijana hapa.

"Iko ndani," akasema Mama Mukausha. "Mutoto wa jirani, ule wa kusoma. Anajificha nyuma ya bitunga. Ingia umutoe."

Nilisikia kila neno. Nilisikia pia polisi akicheka. Akainamisha kichwa mlangoni kwa ajili ya kazi tu, moshi ukampokea, akarudi nyuma akikohoa na machozi yanamtiririka. Mama akampa maji, akampa na mkia wa kambale, na akamweleza bila kuulizwa vijana wengine wa mtaa wamejificha wapi: ule juu ya dari, ule kisimani, ule amevaa nguo za dada yake. Polisi hakuamini hata kimoja. Akaenda zake akisema huyu mama anachekesha.

Nilipotoka nilinuka hivi kwamba mama yangu alinilaza nje. Nikamwuliza Mama Mukausha kwa nini alimwambia.

"Aliniuliza," akasema.

Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ujanja au ulikuwa mdomo wake tu. Nafikiri ulikuwa mdomo. Siri kwake ilidumu kama maziwa juani. Mimba za mtaani tulizisikia kutoka kwake kabla waume hawajasikia. Ukitaka jambo lifike Kabambare bila gharama ya safari, ulimwambia yeye na kuongeza kwamba asimwambie mtu. Kila kitu aliweza kukitunza, mbegu, nyama, vifungo, watoto wa watu. Siri tu ndiyo ilimshinda. Ndivyo tulivyoamini.

Halafu kulikuwa na majina. Asubuhi samaki lazima wageuzwe, mmoja mmoja, la sivyo upande wa chini unaungua na wa juu unaoza. Yeye kila alipogeuza samaki alitaja mtu. Wote walioondoka mtaani na kutorudi, waliokwenda migodini, waliokwenda vitani, waliobebeshwa mizigo ya Leta na kupotelea njiani, kila mmoja alikuwa na samaki wake. Ramazani, anageuza. Lumbu, anageuza. Samaki wakiwa haba alihamia kwenye pilipili. Wamama walipita nje ya kibanda wakielekea mtoni na kusimama kidogo, wanasikiliza kama mtoto wao ametajwa, kisha wanaendelea. Hakuna aliyekiri kwamba alisimama. Lakini mama mmoja aligombana naye hadharani kwa sababu mwanawe alipewa dagaa wakati mtoto wa jirani, ambaye alikuwa mwizi, alipewa kambale. Mama Mukausha akamjibu kwamba mwizi alikuwa mrefu.

Mtu akirudi, jina lake lilitolewa, naye akaitwa kula samaki wake. Ndivyo alivyokaribishwa. Alikula amesimama mlangoni, watu wanamwangalia, halafu akawa mtu wa kawaida tena, wa kudaiwa na kusengenywa.

Amisi alikuwa na kambale mkubwa kuliko wote, pembeni ya uchanja, na hakushushwa kamwe. Kwa miaka alikuwa amekuwa mweusi na mgumu kama mpini wa jembe. Lakini aligeuzwa kila asubuhi.

Mmoja wa waliorudi alikuwa Kaporali, aliyeitwa hivyo kwa cheo chake cha jeshi. Alikuwa kikosi kimoja na Amisi. Alikuja, akala samaki wake, akamwambia mama kwamba mtoto alikuwa mzima alipomwacha. Mama akampa samaki wa pili. Basi Kaporali akarudi mwezi uliofuata na habari nyingine: Amisi alilazwa hospitali, mguu tu, si kitu. Akala. Akarudi tena: Amisi amepona, yuko Misri, anajifunza kuendesha kamyo, yaani lori. Akala. Mambo ya Amisi yakazidi kuwa mazuri kadiri Kaporali alivyozidi kunona. Sisi tuliokaa pale tukisikiliza, na mimi nilikaa zaidi ya wote maana kukaa ndiyo kazi yangu, tulijua anadanganya. Alimvika Amisi viatu ambavyo hata padri mkubwa hakuwa navyo. Ila nani angesema? Mama alikuwa anasikiliza na kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayeonja mchuzi.

Siku moja ya kiangazi Kaporali alikuja akasema Amisi sasa ana bosi Mzungu anayempenda mno, ndiyo maana hamruhusu kurudi. Mkamwana akaleta sahani kama kawaida, bukari, yaani ugali, na samaki. Akaiweka mbele yake. Lakini hakuiachia. Kaporali alivuta, yeye alishika.

"Kaporali," akasema, "mulimuzika wapi?"

Kaporali akaangalia sahani. Akaangalia mlango, na mlangoni nilikuwa nimekaa mimi. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kando ya barabara, wakiwa bado wanakwenda, kabla hawajasikia bunduki hata moja. Tumbo. Tumbo liliwaua wengi. Walimwekea mawe juu ili wanyama wasimfukue. Yeye Kaporali ndiye aliyechagua mawe.

Mkamwana akageuka kumtazama mama mkwe wake. Sote tulingoja aanguke. Mama Mukausha alikuwa anageuza samaki, akamaliza yule aliyekuwa mkononi.

"Najua," akasema. "Siku ya kwanza alikuja hapa, hakuweza kuangalia samaki ya Amisi. Nikajua."

Huyu ndiye mwanamke aliyeshindwa kumficha polisi mahali nilipo. Alikuwa amelitunza hilo tumboni miaka yote, peke yake, asubuhi kwa asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu aliyenusa.

Mkamwana akamwuliza, basi kwa nini alikuwa akimlisha huyu mwongo.

"Kwa sababu anatajaka jina yake na kuongeza kitu," akasema Mama. "Mimi nikisema Amisi, inaisha pale. Yeye akisema Amisi, Amisi anaendesha kamyo."

Mkamwana bado alikuwa ameshika sahani.

"Mama," akasema, "umemukausha mutoto wako. Ni sawa, ni wako. Lakini mimi ulinitundika pamoja naye, na mimi niko hai."

Akaiachia sahani, akatoka. Mama Mukausha akamwambia Kaporali ale, chakula kinapoa. Kaporali akala huku analia. Alikula yote, na hilo lazima nilitaje.

Asubuhi iliyofuata Mama aliniita nimbebee kitunga mpaka sokoni. Nilitafuta ugonjwa wa kumtajia, haukupatikana haraka. Tukafika kwa fundi wa kinga. Alikuwa amelala chali chini ya baiskeli ya katikisti, mwalimu wa dini wa wapadri, miguu tu inaonekana. Mama akaongea na miguu.

"Unakulaka samaki ya moshi?"

Miguu ikatulia. Fundi akatoka chini, mafuta mpaka kwenye nyusi, akaangalia kitunga, akaniangalia mimi, akaangalia mbwa waliokwisha anza kukusanyika.

"Nakulaka, Mama."

"Kila siku?"

Hapo alisita. Nampa heshima kwa kusita kule, kwa sababu lilikuwa ndilo jambo la kweli pekee lililotokea katika posa ile.

"Kila siku, Mama."

"Basi. Tufanye matanga kwanza, halafu umuchukue. Na mimi nakuja."

Nadhani fundi hakusikia maneno ya mwisho, au alidhani ni mzaha wa kina mama. Matanga yalifanyika. Yule kambale wa pembeni alishushwa, akakatwa kwa shoka, akachemshwa usiku na mchana, na kila mtu aliyekuja akapewa kipande kisichozidi kucha. Tulitafuna muda mrefu sana. Mzee mmoja wa ndugu za baba yake, aliyepiga kelele kuliko wote kudai matanga, aliacha jino pale. Mama Mukausha aliliokota. Sijui alilitia kopo gani.

Harusi ilipokwisha, fundi alifunga matairi yake na kurudi Kabambare na mke, na juu ya kamyo, katikati ya magunia ya mpunga, akamkuta mama wa mume wa kwanza wa mke wake amekwisha kaa, na vijiti vya mwavuli mapajani. Ndugu walisema haijapata kuonekana. Yeye alisema mtoto wake amekwisha, lakini hakuna mtu aliyemwambia kwamba binti yake naye amekwisha. Uchanja wenyewe ulifuata na kamyo ya pili.

Mtaa ulinuka vizuri baada ya hapo. Tulichukia. Mama yangu alichoma kuni mbichi uani jioni kadhaa, akisema anafukuza mbu.

Mimi sikwenda kumwona kwa miaka. Kabambare kwangu ilikuwa mbali kama Ubeleji. Nilikwenda mara moja tu, wakati watu walikuwa wameanza kunong'ona habari za uhuru, na nilikwenda kwa sababu mama yangu alikuwa amefariki na nyumba ilikuwa haikaliki. Kamyo ilikwama, tukaisukuma, ikakwama tena mbele ya watu walewale. Nilipofika sikuuliza njia. Nilifuata pua.

Nyumba ya fundi ilikuwa nzuri, ya bati, na nyuma yake kibanda kama kile cha Kasongo kinatoa moshi. Mkamwana alikuwa amenenepa, na alikuwa amejifunza kutukana. Alinitukana mlangoni kwa kuchelewa, kwa upendo mwingi. Watoto walikuwa shambani. Mama Mukausha alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na uchanja, amekuwa mdogo, macho yana ukungu. Aliniamkia kama mgeni, akaniuliza natoka wapi, akaniuliza tena. Hakunifahamu. Samaki waligeuzwa na mkamwana, na majina aliyataja mkamwana, polepole, huku bibi akiitikia kila jina kwa kichwa kana kwamba anapokea salamu. Alipofika kwa Amisi mkamwana aliliruka jina. Nikamwangalia. Akanifanyia ishara ningoje.

Fundi akarudi kutoka kazini. Mvi zimemwingia, mafuta yaleyale kwenye nyusi. Mama Mukausha akasikia hatua zake, akainua uso.

"Amisi," akasema kwa hasira, "umechelewa. Watu wote wamerudi."

Fundi akavua kofia. Akachuchumaa mbele yake, akampa mikono yote miwili.

"Barabara ilikuwa mubaya, Mama. Kamyo iliharibika."

"Uliitengeneza?"

"Niliitengeneza."

"Basi ukule."

Mkamwana akaleta sahani. Fundi akala, kipande kwa kipande, mpaka kichwa, na bibi akisikiliza meno yake. Ni kila jioni, mkamwana aliniambia baadaye. Kila jioni Amisi anarudi kutoka vitani, anagombezwa, anakula. Nikamwuliza fundi, tulipobaki wawili, kama amekwisha zoea samaki wa moshi. Akatazama kama kuna mtu anayesikia, akasema hapana.

Nilitoka nje kusimama kidogo. Nilikuwa napanguza macho kwa kola ya shati. Jirani yao, fundi cherehani aliyefanya kazi barazani ng'ambo ya ua, alisimamisha mguu kwenye mashine yake, akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema:

"Usilie hapa, bwana. Mimi nashonaka nguo ya harusi, mutu anarudisha, anasema inanuka kambale. Kama unamupenda sana ule mama, kamyo ya Kasongo inatoka kesho, umubebe."